Gatwiri wa Juu na Gatwiri wa Chini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, Kaari alifungua chumba cha kompyuta na kupangusa mashine moja baada ya nyingine. Udongo wa Githongo ni mwekundu, na wanafunzi huuleta kwa viatu vyao hadi juu ya meza. Mwalimu Bundi alikuwa amemwachia Kaari ufunguo tangu alipochaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha kompyuta, naye aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu kama medali.

Kaari alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane. Kwao hasa ni Kiritiri, kule Mbeere, lakini baba yake alipata kazi katika kiwanda cha kahawa na familia ikahamia Githongo Kaari akiwa bado anabebwa mgongoni.

Muhula huo chama kilikuwa na kazi moja kubwa. Shule ilikuwa imeanza kuwapa wanafunzi uji wa saa nne, na unga wake ulichanganywa na njugu karanga. Wako watoto wasioweza kula njugu. Wengine wana maradhi ambayo mwalimu anapaswa kuyajua kabla ya kuwaamrisha wakimbie uwanjani. Basi wanachama walikusanya habari hizo kutoka kwa wazazi na kuzipanga katika hifadhidata, yaani majedwali ndani ya kompyuta yanayoweza kuulizwa maswali na kujibu.

Majedwali yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la wanafunzi: kila mstari ulikuwa na namba, jina la mtoto, gredi yake na jina la mzazi. La pili lilikuwa la maradhi, na kila ugonjwa uliandikwa pamoja na namba ya mtoto mwenye ugonjwa huo. Namba ndiyo iliyoyaunganisha majedwali hayo. Mwalimu Bundi alikuwa ameyapanga hivi: ukimfuta mwanafunzi katika jedwali la kwanza, kompyuta inamfuata hadi la pili na kuyafuta maradhi yake, ili mtoto aliyehama asiache ugonjwa usio na mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa ipelekwe Jumamosi kwenye mashindano ya shule mjini Embu. Kaari hakuwa akiwaza kitu kingine. Hata akikamua ng'ombe, midomo yake ilirudia maneno atakayowaambia waamuzi.

Jumatano hiyo, Muthomi aliingia chumbani akiwa na kipande cha kiazi kitamu mkononi. Muthomi alikuwa msaidizi wake katika chama, mvulana mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa maneno.

"Usinidondoshee makombo," Kaari alimwambia.

"Makombo ni afadhali. Umeiona aibu iliyo humu?" Muthomi aliielekeza mashine kwa kidevu. "Mutembei Kailemia mara mbili. Mwendwa Kaburu mara tatu. Waamuzi wa Embu wakifungua hapa watadhani tuliandika tukiwa tumelala."

Kaari alitazama. Kweli, majina yalijirudia. Alikumbuka kwamba mwanzoni mwa muhula wanachama wawili waliandika karatasi zilezile bila kujuana, na tangu siku hiyo hakuna aliyesafisha.

"Nitafuta yanayojirudia," alisema. "Nabakiza la kwanza, mengine yanatoka."

"Mwalimu alisema tuweke nakala ya akiba kwanza."

"Nakala itachukua muda, na kengele inakaribia."

"Basi fanya ile yake nyingine. Ya kuonyesha kabla ya kufuta."

Mwalimu Bundi aliwafundisha hivyo: kabla ya kuiamuru kompyuta ifute, iambie kwanza ikuonyeshe kile itakachofuta, ukisome chote, kisha uamue. Lakini Mwalimu Bundi alikuwa Embu siku hiyo kwa mkutano wa walimu wa mashindano. Kaari aliijua amri ya kufuta kama anavyolijua jina lake, na alitaka Mwalimu arudi akute kazi inang'aa.

"Muthomi, mimi si mtoto wa kushikwa mkono," alisema, akaandika amri na kubonyeza.

Kompyuta ilijibu papo hapo kwamba mistari thelathini na mmoja imefutwa. Muthomi alipiga mluzi. Kaari akachapisha orodha mpya ya watoto wasiotakiwa kunywa uji wa njugu, akakimbia nayo jikoni na kuibandika mlangoni badala ya ile ya zamani.

Mpishi alikuwa Marcella, aliyeanza kazi Jumatatu ya wiki hiyo. Alikuwa hajawajua watoto. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Riungu, alikuwa amemwonya: uji wa sufuria ndogo, usiokuwa na njugu, ni wa walioandikwa mlangoni pekee. Uji huo ulipikwa kwa maziwa, na wajanja walikuwa wameanza kuugua magonjwa ya kubuni ili waupate.

Saa nne, msichana mdogo wa Gredi ya Nne alisimama mbele ya Marcella na kikombe chake cha plastiki.

"Mimi hupewa wa sufuria ndogo," alisema.

"Wiki hii kila mtu hupewa wa sufuria ndogo. Jina?"

"Winrose Gatwiri."

Marcella alikipitisha kidole juu ya karatasi, kutoka juu hadi chini, kisha akarudia. "Hapa hakuna Winrose wala Gatwiri. Jana mwingine aliniambia ana ugonjwa wa tumbo, baadaye nikamwona nyuma ya darasa anatafuna mahindi ya kuchoma. Lete kikombe, mtoto, foleni ni ndefu."

Gatwiri alikuwa amezoea kuwasikiliza watu wazima. Alidhani mpishi anajua jambo asilolijua yeye, kwamba labda uji wa leo hauna njugu. Akanywa.

Kabla somo la Hisabati halijaisha, midomo yake ilikuwa imevimba, macho yakabaki nyufa mbili, na pumzi ikaanza kutoa sauti kama ya mlango mbovu. Mwalimu wake alimbeba mikononi hadi kwenye gari la Mwalimu Mkuu, nalo likatoka langoni kwa kasi kuelekea kituo cha afya.

Habari zilimfikia Kaari darasani kupitia dirisha. "Gatwiri wa Gredi ya Nne amevimba uso wote. Wanasema ni njugu."

Mwanzoni alimhurumia tu, kama wenzake. Kisha akaikumbuka orodha aliyoibandika mlangoni. Wakati wa chakula cha mchana alikimbilia chumba cha kompyuta, akafungua jedwali la wanafunzi na kuuliza jina la Winrose Gatwiri. Ulitokea mstari mmoja tu: Winrose Gatwiri, Gredi ya Sita. Alitafuta mwingine, hakumwona. Aliuliza jedwali la maradhi ni nani asiyeweza kula njugu. Gatwiri hakuwemo.

Walikuwa wawili, naye alikuwa amembakiza mmoja.

Alasiri Mwalimu Mkuu alirudi. Alisema Gatwiri amechomwa sindano, anapumua vizuri, lakini atabaki kituoni hadi wauguzi waridhike. Nyuma yake alikuja mama ya mtoto huyo, bado amevaa buti za shambani, na Marcella akaitwa kutoka jikoni. Walisimama kwenye kibaraza cha ofisi, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha kompyuta. Ndani, Kaari na Muthomi walisikia kila neno.

"Mtoto alimwambia huyu mama kwa mdomo wake kwamba hanywi uji huo," mama ya Gatwiri alisema. "Akamkatalia. Alitaka kuniulia mtoto?"

"Mama, jina lake halikuwepo," Marcella alisema. "Nilisoma mara mbili. Niliambiwa asiyeandikwa asipewe. Muulize Mwalimu."

"Jina la mtoto wangu lipo. Nilikuja hapa mwenyewe, nikakaa na watoto wa kompyuta, wakaandika nikiona."

Mwalimu Mkuu alikuwa na karatasi ya mlangoni mkononi. "Mama Gatwiri, nimeitazama. Mtoto wako hayumo, na karatasi hii imetoka kwenye kompyuta. Labda ulikusudia kusema ukasahau. Wazazi wengi husahau."

"Mimi nisahau kinachoweza kumwua mtoto wangu?" Sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Basi niite mwongo, Mwalimu. Sema tu."

Mwalimu Mkuu aliiweka karatasi mfukoni. Alimgeukia Marcella. "Na wewe, hata kama hayumo, mtoto alikwambia. Ungeuliza. Kesho Bodi ya shule inakutana. Mpaka waamue, weka upawa chini. Msaidizi wako atapakua uji."

Marcella alivua aproni, akaikunja mara nne, akaishika mikononi kana kwamba hajui pa kuiweka.

Kaari aliondoka dirishani.

"Ni mimi," alimnong'oneza Muthomi. "Nilimfuta."

"Nyamaza," Muthomi alisema upesi. "Mtoto amepona. Mpishi watamwonya, atarudi. Jumamosi tunakwenda Embu. Ukisema leo, hakuna safari, na si kwako tu, kwa chama chote. Wewe huongei, mimi siongei. Mwandike tena huyo Gatwiri, yaishe."

Kaari alimwandika. Alikosea gredi, akarudia. Alipomaliza alitarajia moyo utulie. Haukutulia.

Jioni alimkuta mama yake nje ya jiko akimenya ndizi mbichi za kupikia, vidole vyeusi kwa utomvu. Kaari alichukua kisu kingine akakaa kando yake.

"Leo huongei," mama alisema. "Embu imekuingia kichwani hata huwezi kula wala kusema?"

"Mama, inawezekanaje watoto wawili wawe na jina moja lote, la ubatizo na la nyumbani?"

Mama alicheka. "Swali gani hilo kutoka kwa mtoto wa Kiritiri? Wewe umepewa jina la nani?"

"La nyanya."

"Na binti wa kwanza wa baba yako mkubwa?"

"Kaari."

"Na wa baba yako mdogo?"

"Kaari." Alikiweka kisu chini.

"Ndivyo ilivyo kwetu, ndivyo ilivyo hapa. Ndugu wawili wakizaa mabinti wa kwanza, wote wanawapa jina la mama yao. Nyanya wa akina Gatwiri alibatizwa Winrose, basi nao wakapewa lote. Hata mama zao wote wawili ni Mama Gatwiri. Watu husema Gatwiri wa juu, kwa sababu nyumba yao iko juu ya barabara, na Gatwiri wa chini. Huyo aliyeumwa leo ni wa chini. Nani asiyejua?"

Kaari alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Kila Desemba walipokusanyika Kiritiri, mtu akiita "Kaari!" walikuwa wakiitika watatu. Lakini mbele ya kompyuta aliyaona majina, hakuwaona watu.

Kisha wazo jingine likamjia, baya zaidi. Mistari thelathini na mmoja. Amemrudisha Gatwiri peke yake. Katika hiyo mingine, ni mingapi iliyokuwa watoto halisi, wajukuu wa babu mmoja? Na kesho saa nne uji utapakuliwa tena.

"Mama," alisema, "nimefanya kitu." Akaeleza yote, akiwa ametazama maganda ya ndizi.

Mama hakumgombeza. Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. Kisha akasema, "Yule mpishi ana watu wanaomtegemea, na yule mama amerudi nyumbani akiitwa mwongo. Kesho tutatoka pamoja mapema. Lakini utasema wewe. Mimi nitasimama tu."

Asubuhi walimkuta Mwalimu Bundi, aliyerudi kutoka Embu, akiwa na Mwalimu Mkuu ofisini. Mama ya Gatwiri alikuwa amekwisha kufika, ameketi kwenye benchi. Marcella alisimama karibu na ukuta. Walikuwa wakiwasubiri wanabodi.

"Bado hatujawaita wanafunzi," Mwalimu Mkuu alisema.

"Samahani, Mwalimu. Mama Gatwiri hakusahau," Kaari alisema. "Jina lilikuwemo. Nililifuta mimi jana asubuhi. Niliona Winrose Gatwiri wawili nikadhani ni mmoja. Sikuweka nakala. Sikuonyesha kabla ya kufuta. Kompyuta ikafuata ikafuta na ugonjwa wake. Mama Marcella alisoma karatasi niliyoharibu mimi."

Mama ya Gatwiri alimtazama Kaari kwa muda mrefu, kisha akautazama mlango, kana kwamba anatafuta mtu mwingine mkubwa zaidi wa kukasirikia.

"Si huyo tu," Kaari aliendelea. "Nilifuta mistari thelathini na mmoja. Siwajui wengine. Tafadhali, Mwalimu, uji usipakuliwe."

Mwalimu Bundi alisimama mara moja. "Leo shule nzima itakunywa uji usio na njugu. Mama Marcella, sufuria kubwa inaweza kupikwa hivyo?"

Marcella alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikohoa. "Nenda, Mama. Nitawaeleza wanabodi mwenyewe. Nilikuhukumu kwa haraka."

Mwalimu Bundi alikuwa na nakala ya akiba ya mwanzo wa muhula, lakini walioandikwa baadaye hawakuwemo; hao wangewauliza madarasani. Aliirudisha kwenye kompyuta, kisha akamketisha Kaari mbele ya mashine.

"Andika amri yako ya jana. Ileile. Lakini mahali pa kufuta, weka kuonyesha."

Kaari aliandika. Mistari ilijipanga kwenye kioo, majina yakiwa yameandamana. Kando ya kila jina kulikuwa na gredi, na kando ya gredi jina la mzazi. Winrose Gatwiri, Gredi ya Nne. Winrose Gatwiri, Gredi ya Sita. Kila kitu kilikuwa pale tangu mwanzo.

"Unaona nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kwamba sikutazama."

Walichukua orodha hiyo na kuzunguka darasa hadi darasa. Muthomi aliwafuata mlangoni, amekunja mabega. "Mwalimu, mimi nilijua tangu jana," alisema. "Nilimwambia anyamaze." Mwalimu Bundi alimpa kalamu, wakawa watatu.

Katika Gredi ya Tano waliita Mutembei Kailemia, wakasimama wavulana wawili wakasukumana, na darasa likacheka. Mahali pengine alisimama mmoja tu, kwa hiyo mstari wa pili ulikuwa kosa la kweli la kuandika. Katika Gredi ya Kwanza waliita Mwendwa Kaburu. Alisimama mtoto mwembamba mwenye kikohozi, na mwalimu wake akasema, "Huyu ana pumu. Huwa hakimbii." Kaari aliandika neno pumu, akatazama chini machozi yasionekane. Jana huyu pia alikuwa amefutwa, na leo alasiri Gredi ya Kwanza walikuwa na mazoezi ya mbio.

Kazi ya kurekebisha iliwachukua hadi jioni. Kila mtoto aliandikiwa namba yake ya usajili, ile anayopewa akiingia shuleni na ambayo hapewi mtu mwingine. Kompyuta iliagizwa ikatae namba ikijirudia, bali majina iyaache yajirudie yanavyotaka. Na hakuna mwanachama ambaye angeweza kufuta chochote tena bila mwenzake kusoma kwanza.

Hawakwenda Embu. Mwalimu Bundi aliwaambia wanachama wote pamoja. "Siwezi kusimama mbele ya waamuzi nikiisifu kazi iliyomlaza mtoto kituoni juzi. Mwaka ujao, kama itakuwa imelinda watoto mwaka mzima, tutaipeleka." Wengine walimtazama Kaari kwa hasira. Mmoja alimwita mfutaji, na jina hilo lilimfuata kwa wiki kadhaa.

Lakini kilichokuwa kigumu zaidi kilikuja Ijumaa. Mama ya Gatwiri alikuwa amekubali msamaha, kwa sharti moja. "Niliitwa msahaulifu mahali ambapo walimu na watoto walisikia," alisema. "Isemwe vinginevyo mahali ambapo watasikia." Basi Kaari alisimama mbele ya gwaride, akasema kwamba Mama Gatwiri alisema kweli na Mama Marcella alifanya alivyoagizwa, na kosa lilikuwa lake. Mama ya Gatwiri, aliyesimama langoni, alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaenda shambani.

Saa nne siku hiyo Marcella alimwita Kaari jikoni. Gatwiri wa chini alikuwa amerudi shuleni, uso umetulia, kikombe mkononi.

"Simama hapa kando yangu uone," Marcella alimwambia Kaari. "Wewe mdogo, nani jina lako?"

"Winrose Gatwiri."

"Wa nani?"

"Wa Baba Mwenda. Wa chini."

"Na hutakiwi kunywa nini?"

"Njugu."

Ndipo Marcella akaitazama karatasi, akamchotea kutoka sufuria ndogo. Mtoto alipoondoka, aliusimamisha upawa kidogo.

"Mwalimu Mkuu ameniomba msamaha, nawe umeniomba. Lakini mimi nami nilikosa, na hakuna aliyenifanya niseme. Mtoto alisimama mbele yangu akanieleza ugonjwa wake, nikaona karatasi inajua zaidi. Wewe uliona mashine inajua zaidi. Tulikuwa na haraka, wewe na Embu yako, mimi na foleni yangu. Siku nyingine, Kaari, ukitaka kumtoa mtu mahali, mtafute kwanza umwone. Na ukikosea, sema siku ileile. Ulilala nalo usiku mmoja, nami usiku huo sikulala. Sasa toka jikoni mwangu, watoto wana njaa."

Kaari alitoka, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya akina Mutembei wawili.